Mtoto Anayehitaji Msaada Zaidi na Mtoto Anayehitaji Kazi Ngumu Zaidi: Mwongozo wa Wilaya za Shule za Marekani kwa Wazazi Wanaozungumza Kiswahili

Shule za umma za Marekani haziendeshwi na wizara moja yenye mtaala mmoja na mtihani mmoja wa taifa, kama ilivyozoeleka Tanzania au Kenya. Nchi ina takribani wilaya za shule 13,000, na kila moja ina bodi yake, mkurugenzi wake na bajeti yake, huku ikifuata sheria za jimbo lake na sheria chache za shirikisho. Mzazi aliyetoka Kigoma, Uvira, Bujumbura au kambi ya Kakuma huja na mazoea ya kumwachia mwalimu mambo ya darasani, kwa heshima na kwa kuamini kwamba tatizo likiwepo ataitwa. Hapa ukimya huo huchukuliwa kuwa mzazi ameridhika. Mwalimu wa darasa, hata akiwa na moyo mwema, kwa kawaida hana mamlaka ya kuamua mtoto apewe huduma gani. Uamuzi hufanywa na kamati, na saa ya kamati huanza kuhesabiwa pale yanapopatikana maandishi yenye tarehe.

Kabla ya hatua yoyote, mzazi aelewe kwamba mahitaji haya mawili, elimu maalumu na elimu ya wenye vipawa, yanaongozwa na sheria zisizofanana hata kidogo. Elimu maalumu kwa mtoto mwenye ulemavu ni haki ya shirikisho. Sheria yake ilitiwa sahihi na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975, ikapewa jina la IDEA mwaka 1990, na inaitaka kila wilaya itoe elimu inayofaa bila malipo kwa watoto wanaostahili, kuanzia miaka 3 hadi 21, na zaidi ya hapo iwatafute yenyewe bila kusubiri kuombwa. Elimu ya wanafunzi wenye vipawa haina ulinzi huo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inayojulikana kama Javits hutoa fedha kidogo za utafiti na miradi, lakini haiilazimishi wilaya yoyote kufungua darasa la wenye vipawa. Kwa hiyo katika jambo la kwanza mzazi anadai haki, na katika la pili anauliza sheria ya jimbo na sera ya wilaya zinasemaje. Anayechanganya mawili haya huweza kupoteza mwaka mzima akibishana na ofisi isiyohusika.

Hofu moja iondolewe mapema. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kuomba tathmini ya elimu maalumu ni sehemu ya elimu hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: lugha iliyoandikwa kwenye fomu ya usajili

Siku ya kumwandikisha mtoto, mzazi hujaza dodoso fupi kuhusu lugha ya nyumbani. Familia nyingi kutoka Kivu Kusini huandika "Kiswahili" kwa sababu ndiyo lugha ambayo karani anaifahamu, ilhali mtoto anazungumza Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge na wazazi wake, na Kiswahili amekijulia kambini. Jambo hili linaonekana dogo, na matokeo yake ni makubwa. Sheria ya IDEA inataka mtoto apimwe katika lugha ambayo itatoa picha ya kweli ya uwezo wake. Mwanasaikolojia wa shule akimletea mkalimani wa Kiswahili cha Nairobi mtoto aliyelelewa kwa Kibembe, alama zitakazotoka zitapima kitu kingine kabisa. Andika lugha zote, kwa mpangilio wa matumizi: lugha anayozungumza na mama, anayozungumza na ndugu zake, na aliyofundishiwa shuleni kama aliwahi kusoma. Kama fomu ilijazwa vibaya zamani, omba kuisahihisha; hakuna muda unaokwisha.

Baada ya fomu hiyo mtoto hupimwa Kiingereza, na wilaya ikimweka katika mpango wa wanaojifunza lugha hiyo, inapaswa kumjulisha mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze. Mpango huo si elimu maalumu. Mtoto anaweza kuwa nao peke yake, anaweza kuhitaji elimu maalumu peke yake, na anaweza kustahili vyote viwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo baadhi ya walimu bado wanalikana.

Hapa ndipo yanapotokea makosa mawili yanayokinzana. La kwanza ni kumwita mtoto mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza au hakupata shule. Sheria inakataza waziwazi uamuzi wa ulemavu ambao sababu yake kuu ni uhaba wa Kiingereza au kukosa mafundisho ya kusoma na hesabu. La pili, ambalo kwa maoni yangu linawaumiza watoto wetu zaidi, ni kusema "tusubiri kwanza ajue Kiingereza", mwaka ukapita na mwingine ukapita. Hakuna kifungu cha sheria kinachoruhusu kusubiri huko.

Mzazi ana ushahidi ambao shule haina. Jiulize kama shida ya mtoto inaonekana pia katika lugha ya nyumbani. Alichelewa kusema kuliko wadogo zake? Akiambiwa "nenda jikoni, chukua sufuria ndogo, mpelekee bibi", anafanya yote matatu au anasimama mlangoni akisahau la pili? Anaweza kusimulia hadithi aliyosimuliwa jana? Kama ndugu zake walikosa shule kwa miaka ile ile kambini na sasa wanasonga mbele, naye amebaki palepale, basi kukosa shule peke yake hakutoshi kueleza hali yake. Andika mifano hiyo, kwa tarehe ukiweza.

Kusanya pia historia ya afya. Uzazi uliochukua siku mbili, mtoto aliyechelewa kulia, malaria iliyopanda kichwani akapata degedege, utapiamlo wa utotoni, masikio yaliyotoa usaha kwa muda mrefu: yote haya yanaweza kuathiri kujifunza, na hakuna atakayeyajua usiposema. Familia zilizohamishwa kwa mpango wa wakimbizi huwa na mfuko wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) wenye karatasi za uchunguzi wa afya, usiutupe.

Hatua ya pili: barua

Ombi la mdomo, hata likipokewa kwa tabasamu, halina tarehe. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hushughulikiwa na mpango wa jimbo wa huduma za mapema, na daktari wa watoto anaweza kumpeleka huko; kuanzia miaka 3, barua inaelekezwa wilayani. Mpelekee mkuu wa shule na nakala kwa idara ya elimu maalumu ya wilaya. Barua fupi kama hii inatosha:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu katika shule yenu, ambaye jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa nimeviandika juu. Ninaomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya sheria ya IDEA, katika maeneo yote ambayo ulemavu unashukiwa. Baada ya miaka miwili ya shule hajaweza kusoma maneno mafupi, na hata katika Kibembe, ambayo ndiyo lugha yake ya kwanza, anasahau maelekezo na alichelewa kusema. Ninaomba apimwe kwa Kibembe na Kiswahili. Ninaomba pia mkalimani wa Kiswahili cha Kongo katika vikao vyote, na nyaraka kwa Kiswahili. Tafadhali nijibuni kwa maandishi."

Tia tarehe na sahihi, piga picha kwa simu, kisha uitume kwa barua pepe au uipeleke mkononi na kuomba mhuri wa kupokelewa. Ni vyema iwe kwa Kiingereza au kwa lugha zote mbili, lakini kama hakuna wa kukufasiria wiki hii, ipeleke kwa Kiswahili kuliko kukaa nayo.

Wilaya inaweza kukubali au kukataa. Ikikataa, inalazimika kutoa taarifa ya maandishi inayoeleza sababu na ushahidi iliouegemea, na taarifa hiyo iwe katika lugha ya mzazi isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa. Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba mtoto kwanza apitie vikundi vya msaada wa darasani kwa majuma kadhaa. Vikundi hivyo vina faida na mtoto aendelee navyo, ila tangu mwaka 2011 ofisi ya shirikisho ya elimu maalumu imeeleza wazi kwamba haviwezi kutumiwa kuchelewesha wala kukataa tathmini.

Hatua ya tatu: tathmini yenyewe

Wilaya ikikubali, huleta fomu ya ridhaa. Kuitia sahihi kunaruhusu upimaji tu. Huduma za kwanza zinahitaji ridhaa nyingine. Tangu siku ya sahihi hiyo, sheria ya shirikisho inatoa siku 60 za kalenda, ila jimbo linaweza kuweka muda wake. Texas inahesabu siku 45 za shule. Kentucky inatoa siku 60 za shule, lakini ndani yake zimo tathmini, kikao na kuanza kwa huduma. Uliza muda wa jimbo lako siku hiyo hiyo unapotia sahihi, na uandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani.

Upimaji hautegemei mtihani mmoja. Kwa kawaida watu kadhaa hushiriki: mwanasaikolojia wa shule, mtaalamu wa tiba ya usemi, muuguzi anayepima macho na masikio, mwalimu anayemtazama mtoto darasani, na pale inapohitajika mtaalamu wa tiba ya viungo vya mwili. Sheria inataja aina 13 za ulemavu, zikiwemo usonji, uziwi, uoni hafifu, ulemavu wa akili, matatizo ya usemi na lugha, ulemavu mahususi wa kujifunza kama disleksia (ugumu wa kusoma), na kundi la matatizo mengine ya afya ambamo mara nyingi huingizwa upungufu wa umakini. Mtoto anastahili ikiwa yumo katika aina mojawapo na kwa sababu hiyo anahitaji mafundisho maalumu. Masharti hayo mawili huenda pamoja.

Mara nyingi hakuna mtihani uliosanifiwa kwa Kibembe au Kiswahili cha Kongo. Mpimaji mwangalifu atatumia majaribio yasiyotegemea lugha, atamhoji mzazi kwa kina, na ataandika katika ripoti kwamba alama fulani zichukuliwe kwa tahadhari kwa sababu zilipatikana kupitia mkalimani. Ripoti inayotoa namba za Kiingereza bila tahadhari hiyo ni ripoti ya kuhojiwa. Omba nakala yake siku kadhaa kabla ya kikao, ili usiione kwa mara ya kwanza ukiwa umezungukwa na watu sita.

Hatua ya nne: kikao

Ndani ya siku 30 baada ya mtoto kuonekana anastahili, hufanyika kikao cha kuandika mpango wake binafsi wa elimu, ambao kila mtu shuleni huuita IEP. Kamati yenyewe hubadilika jina kulingana na jimbo: Texas huitwa ARD, Kentucky ARC. Mzazi ni mjumbe kamili wa kamati hiyo, hakuitwa kama shahidi. Anaweza kuja na ndugu, mchungaji, imamu, au mtu wa shirika la wakimbizi anayemfahamu mtoto.

Mkalimani ni wajibu wa wilaya, bila gharama. Usikubali dada mkubwa wa mtoto atafsiri, hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Atakutana na maneno ambayo hajawahi kuyasikia, na atapunguza makali ya habari mbaya ili asimwumize mama yake. Kama mkalimani wa simu haeleweki, sema hivyo palepale na uombe mwingine au kikao kiahirishwe. Kutikisa kichwa kwa adabu huandikwa kwenye kumbukumbu kuwa mzazi amekubali.

Hulazimiki kutia sahihi siku hiyo. Omba kwenda na hati nyumbani ukafasiriwe. Lakini fahamu jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kwa mpango wa kwanza kabisa, wilaya haiwezi kuanza huduma bila ridhaa yako; kwa mabadiliko ya miaka inayofuata, katika majimbo mengi wilaya inaweza kutekeleza mpango mpya baada ya kukupa taarifa ya maandishi, hata kama hukutia sahihi. Kuacha karatasi bila sahihi hakukulindi. Kinacholinda ni kupinga kwa maandishi na kwa wakati, kwa njia nitakazozieleza mbele.

Hatua ya tano: kuusoma mpango

IEP inaweza kuwa na kurasa 20, na nyingi zina maneno ya kisheria yanayojirudia. Anza na sehemu tatu: hali ya sasa ya mtoto, malengo ya mwaka, na huduma. Lengo linalosema "ataboresha usomaji wake" halifai kitu, kwa kuwa hakuna atakayeweza kuthibitisha mwakani kama limefikiwa. Linganisha na hili: "Kwa sasa anasoma maneno 38 kwa dakika katika kifungu cha kiwango cha darasa la kwanza. Ifikapo mwezi Mei atasoma maneno 70 kwa dakika katika kiwango hicho, kwa usahihi wa asilimia 95, katika majaribio matatu kati ya manne." Hapo mzazi asiyejua Kiingereza vizuri bado anaweza kuuliza mwezi Januari: sasa amefika maneno mangapi?

Huduma nazo ziandikwe kwa hesabu: dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, mahali gani, na nani anayefundisha. "Msaada wa usomaji utakapohitajika" haiwezi kufuatiliwa. "Dakika 30, mara nne kwa wiki, na mwalimu wa elimu maalumu" inaweza. Angalia pia kama saa hizo zinamtoa kwenye somo la Kiingereza kwa wageni, maana baadhi ya ratiba humfanya mtoto achague msaada mmoja kati ya miwili anayostahili.

Tofautisha marekebisho na kubadilisha mtaala. Muda wa ziada, kusomewa maswali, kukaa karibu na ubao na kuandikiwa kwa herufi kubwa ni marekebisho. Mtoto anajifunza yale yale wanayojifunza wenzake. Kumpa kazi ya kiwango cha chini ni kubadilisha mtaala, na katika sekondari kunaweza kumwondoa kwenye njia ya kupata cheti cha kawaida cha kuhitimu. Uliza swali hilo kwa jina: je, kwa mpango huu atahitimu na cheti gani?

Mahali pa kusomea pana kanuni yake. Mtoto akae na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyofaa, na kumtenga katika chumba maalumu kunahitaji sababu iliyoandikwa. Kuhusu ubora, kipimo cha sasa kilitolewa na Mahakama Kuu mwaka 2017 katika kesi ya Endrew F. kutoka Colorado: mpango uwe umeandaliwa ili mtoto apige hatua inayolingana na hali yake. Maendeleo ya kuonyesha tu kwamba hakurudi nyuma hayatoshi.

Mpango hupitiwa walau mara moja kila mwaka, na tathmini hurudiwa walau kila baada ya miaka mitatu isipokuwa mzazi na wilaya wakubaliane kuwa haihitajiki. Mzazi anaweza kuomba kikao wakati wowote katikati. Ifikapo umri wa miaka 16, na mapema zaidi katika baadhi ya majimbo, mpango lazima uzungumzie maisha baada ya shule: kazi, mafunzo, na kujitegemea.

Kuna watoto ambao hawahitaji mafundisho maalumu ila wanahitaji mazingira yarekebishwe, kama mwenye kisukari, pumu kali, selimundu, au upungufu wa umakini ambaye alama zake ni nzuri. Hao hulindwa na kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, na mpango wao huitwa kwa namba hiyo. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa unaofahamika vyema katika familia zetu, anaweza kuandikiwa ruhusa ya kunywa maji darasani, kutotoka nje kwenye baridi kali, na kupewa kazi za siku alizolazwa hospitali. Kifungu hiki hakina muda maalumu kama ule wa IDEA, hivyo ufuatiliaji wa mzazi ndio unaousukuma.

Pale msipokubaliana

Anza na barua ya kuomba kikao kingine. Kama hukubaliani na tathmini ya wilaya, una haki ya kuomba tathmini huru kwa gharama ya wilaya. Wilaya ikipokea ombi hilo ina mambo mawili tu ya kufanya, kulipa au kufungua shauri kuthibitisha kwamba tathmini yake ilifaa. Ni haki yenye nguvu na wazazi wetu huitumia mara chache sana.

Baada ya hapo kuna njia tatu. Usuluhishi ni wa hiari na hauna malipo. Malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo hupelekwa kwa maandishi ndani ya mwaka mmoja tangu ukiukaji, na jimbo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Kwa mambo ya wazi, kama dakika za huduma zilizoandikwa na hazikutolewa au mkalimani aliyenyimwa, naiona kuwa njia bora, kwa sababu haihitaji wakili. Ya tatu ni shauri rasmi mbele ya msikilizaji huru, ambalo kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka miwili, na wakati linaendelea mtoto hubaki katika mpango wake wa mwisho uliokubaliwa. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo na taarifa kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu kinachogharimiwa na fedha za shirikisho. Watakusaidia bure kuandika barua hizi.

Nidhamu ihesabiwe kando. Shule ikitaka kumsimamisha mtoto mwenye IEP kwa zaidi ya siku 10, kamati lazima ikae ndani ya siku 10 za shule na kuamua kama kosa lilitokana na ulemavu wake au na wilaya kutotekeleza mpango. Weka hesabu ya kila siku uliyopigiwa simu kuja kumchukua mapema. Siku hizo mara nyingi haziandikwi popote, nawe ukizileta kwa orodha mazungumzo hubadilika.

Mtoto mwenye kipawa

Huku mambo hutegemea anwani. Massachusetts haina sheria inayozilazimisha wilaya kuwa na programu za wenye vipawa. Texas inazitaka wilaya ziwatambue na kuwahudumia. Pennsylvania imekwenda mbali zaidi: mwanafunzi aliyetambuliwa huandikiwa mpango binafsi unaofanana kwa muundo na IEP, na mzazi anaweza kupinga kwa shauri. Kentucky inatambua maeneo matano, yaani akili ya jumla, somo mahususi, ubunifu, uongozi na sanaa, na huanza na kundi la awali la watoto wa madarasa ya chini kabla ya utambuzi rasmi kuanzia darasa la nne. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mratibu wa wilaya ni fupi: jimbo letu linataka nini, wilaya inapima darasa la ngapi, na mwisho wa kuomba ni lini? Dirisha la maombi huwa la wiki chache, na tangazo lake hutumwa kwa barua pepe ya Kiingereza.

Katika wilaya nyingi mtoto hupimwa baada ya kupendekezwa na mwalimu au mzazi, na hapo ndipo watoto wa wahamiaji hupotelea. Wilaya moja kubwa ya Florida ilipoanza mwaka 2005 kuwapima wanafunzi wote wa darasa la pili, idadi ya watoto maskini, Weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini waliotambuliwa iliongezeka kwa kiasi kikubwa. Uwezo ulikuwepo, ila hakuna aliyeutaja. Mzazi apeleke pendekezo mwenyewe, na aambatanishe mambo anayoyaona: mtoto aliyejifunza kusoma lugha ya tatu peke yake, anayemfanyia baba hesabu za mizigo dukani bila karatasi, anayewatafsiria majirani hospitalini. Kwa kawaida wanaojifunza Kiingereza hawaruhusiwi kuzuiwa kwa sababu ya lugha pekee, kwani sheria ya shirikisho ya haki za kiraia ya mwaka 1964, pamoja na uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1974 katika kesi ya Lau, inakataza kuwaacha nje ya elimu kwa kizuizi hicho.

Uliza mtihani unaotumika. CogAT una sehemu tatu, ya maneno, ya hesabu na ya maumbo. NNAT ni wa maumbo tu. Mtoto mwenye alama za juu sana katika hesabu na za kawaida katika maneno anaweza kupotezwa na wastani. Omba kuona kila sehemu peke yake, na uulize kama wilaya inakubali utambuzi kwa sehemu moja.

Hata hivyo sitaki mzazi aishie kwenye jina la programu. Katika wilaya nyingi darasa la wenye vipawa la shule ya msingi ni saa moja au mbili kwa wiki, ilhali uamuzi mzito zaidi hufanyika baadaye na kimyakimya: somo la hesabu katika darasa la sita na la saba. Mwanafunzi anayesoma aljebra katika darasa la nane ana nafasi ya kufika kalkulasi kabla ya kuhitimu sekondari bila kuruka somo wala kusoma majira ya joto. Anayeianza darasa la tisa kwa kawaida hafiki. Watoto wanaojifunza Kiingereza huwekwa mara nyingi katika njia ya chini ya hesabu kwa sababu ya ratiba au kwa huruma isiyo na msingi. Mwezi Machi au Aprili, mwulize mshauri wa shule mtoto amepangiwa hesabu gani mwakani, na kama ni ya chini, omba kwa maandishi aonyeshwe vigezo na apewe mtihani wa kumpanga. Sekondari kuna madarasa ya AP, yaani masomo magumu ya kiwango cha chuo, ambayo mtihani wake hutolewa alama 1 hadi 5 na ada yake hupunguzwa kwa familia za kipato kidogo, na kuna masomo ya chuo yanayochukuliwa ukiwa bado shuleni. Kuruka darasa zima nako kunawezekana mahali pengi, ingawa shule hulitaja kwa nadra.

Kuna pia mtoto aliye na vyote viwili: mwenye usonji anayekokotoa kuliko mwalimu wake, au mwenye disleksia anayesimulia vizuri kuliko darasa zima. Kipawa hufunika ulemavu na ulemavu hufunika kipawa, mpaka alama zikaonekana za kawaida na hakuna anayemshughulikia. Alama nzuri hazimwondolei haki ya kutathminiwa. Wala shule haiwezi kumwambia achague kati ya darasa la AP na muda wake wa ziada. Ofisi ya haki za kiraia ya idara ya elimu ililifafanua hilo tangu mwaka 2007, na malalamiko kwake hupelekwa ndani ya siku 180.

Mkihama

Familia zetu huhama sana, kufuata kazi ya kiwanda cha nyama au ndugu waliotangulia. IEP husafiri: wilaya mpya, hata ya jimbo jingine, lazima itoe huduma zinazolingana na zile za zamani mpaka ikamilishe tathmini yake au iandike mpango mpya. Utambuzi wa kipawa hausafiri kwa uhakika huo, na jimbo jipya linaweza kumpima upya au lisimpime kabisa. Usitegemee shule ya zamani kutuma kumbukumbu kwa wakati. Mzazi ana haki ya kuziona ndani ya siku 45 tangu aombe, hivyo omba mwezi mmoja na nusu kabla ya kuondoka. Beba mkononi IEP ya mwisho, ripoti kamili ya tathmini, alama za Kiingereza, matokeo ya mitihani ya kipawa sehemu kwa sehemu, na barua zote ulizotuma. Siku ya kuandikisha, mpe karani nakala na ubaki na asili, kisha ujaze tena lile dodoso la lugha.